Maoni Yetu: Kisomo cha Watu Wazima ni Deni la Mageuzi

Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti 2022 kila mpiga kura wa Kenya alikabidhiwa karatasi sita: ya Rais, ya Gavana, ya Seneta, ya Mwakilishi wa Wanawake, ya Mbunge na ya Mwakilishi wa Wadi. Karatasi hizo zilitofautishwa kwa rangi, na alama za vyama zilichapishwa kando ya majina ili kumrahisishia mwananchi kazi. Hata hivyo wapo walioingia vituoni wakiwa hawawezi kusoma jina hata moja. Kanuni za uchaguzi za mwaka 2012 zinamruhusu mtu wa namna hiyo kuja na msaidizi anayemwamini. Asipokuwa naye, msimamizi wa kituo ndiye anayemwekea alama, huku mawakala wa vyama wakishuhudia.

Ndugu msomaji, hebu tulitafakari jambo hilo. Mama anasimama mbele ya watu watano au sita ambao baadhi yao ni jirani zake, anawatajia kwa kinywa chake mtu anayemtaka, kisha anaambiwa kwamba amepiga kura ya siri.

Sisi tuliokuwa katika harakati za vyama vingi tunajua kura isiyo ya siri ilivyokuwa. Mwaka 1988 uteuzi wa wagombea wa KANU ulifanywa kwa mlolongo. Wananchi walijipanga nyuma ya mgombea au wakala wake mchana kweupe, machoni pa maofisa wa utawala, na yeyote aliyetangazwa kuwa na asilimia 70 alihesabiwa amekwisha kupita. Mlolongo mfupi ulishinda mlolongo mrefu, na aliyelalamika alijulikana kwa jina na kwa boma lake. Viongozi wa dini na mawakili walipaza sauti hadi mkutano wa KANU wa Kasarani ulipouzika utaratibu huo mwezi Desemba 1990. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1991, kifungu cha 2A cha Katiba kilifutwa, na tarehe 29 Desemba 1992 Wakenya wakapiga kura katika uchaguzi wa vyama vingi. Hapa Kitale na Bungoma tuna sababu yetu wenyewe ya kuzikumbuka tarehe hizo. Masinde Muliro, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa FORD mwezi Agosti 1991, alikuwa mtu wa kwetu, na alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa. Alifariki Agosti 1992, miezi minne kabla ya kuiona siku aliyoipigania.

Basi tunasema wazi kwamba kwa Mkenya asiyejua kusoma, kipande cha mlolongo kingalipo hadi leo. Kitaondoka tu siku atakapoisoma karatasi yake mwenyewe.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba asiyejua kusoma hajui mambo, wala kwamba kura yake ni nyepesi. Brazil iliwanyima watu wa aina hiyo haki ya kupiga kura hadi mwaka 1985, na ilikuwa aibu kubwa. Mwalimu Paulo Freire alipowafundisha wakulima na vibarua mia tatu hivi wa mji mdogo wa Angicos mwaka 1963, kila aliyejua kuandika jina lake aligeuka kuwa mpiga kura mpya, na wenye mashamba hawakulipenda jambo hilo. Mwaka uliofuata wanajeshi walitwaa serikali, na mwalimu huyo akatiwa gerezani, kisha akakimbilia uhamishoni. Kenya huru haikumtaka mpiga kura awe msomi. Ilimtaka mgombea ubunge tu ajue Kiswahili na Kiingereza. Hilo lilikuwa jema. Kosa lilikuwa kudhani kwamba baada ya kumpa mtu haki, hapana haja ya kumpa chombo cha kuitumia.

Tuutazame mtaa wetu wa Kipsongo. Sehemu kubwa ya mtaa huu ilianzwa na watu waliotoka Turkana wakiukimbia ukame na uvamizi wa mifugo. Walikuja mjini na ujuzi mwingi wa nyasi, wa maji na wa magonjwa ya mbuzi, wakafikia mahali ambapo ujuzi huo haununuliki. Wengi wakawa watu wa vibarua na wa kuokota vyuma vikuukuu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la ITDG, ambalo sasa huitwa Practical Action, lilikaa pamoja na manispaa ya Kitale na wakazi wa Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa ili kupanga maendeleo ya mitaa hiyo. Kazi ya namna hiyo huhitaji watu wanaojua ni wapi maji hutuama, ni njia ipi hupitika usiku, na ni tatizo lipi litangulie lipi. Na hayo mwenyeji huyajua kuliko mhandisi. Lakini mpango ukishaandikwa hutoka mikononi mwa aliyeutunga kwa kinywa, ukahamia kwa anayejua kuusoma. Ndivyo ilivyo pia kwa bajeti ya kaunti. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, nasi huitwa ukumbini; tukifika tunakabidhiwa kurasa nyingi, mara nyingi za Kiingereza, na kuulizwa kama tunakubali. Wengi hukubali.

Tena tusidhani kwamba tunazungumza juu ya wazee peke yao. Mapigano ya mwaka 1991 hadi 1993 yaliwafukuza maelfu ya watu mashambani, katika Trans Nzoia na kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Bungoma. Kati ya 2006 na 2008 Mlima Elgon uliwaka tena kwa sababu ya ardhi. Familia zilipolala makanisani na sokoni, hapakuwa na shule. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka minane mwaka 1992 sasa amepita miaka arobaini. Ana watoto, huenda ana wajukuu, naye ndiye tunayemwona akibonyeza dole gumba juu ya wino kila penye karatasi ya kutia sahihi. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoletwa na serikali ya NARC mwaka 2003, iliwafaa wanawe. Yeye ilimkuta amekwisha kuwa mzazi.

Ukubwa wa jambo hili unajulikana tangu zamani. Utafiti wa kitaifa wa kisomo uliofanywa mwaka 2006 ulionyesha kwamba asilimia 61.5 ya watu wazima wa Kenya ndio waliofikia kiwango cha chini cha kujua kusoma na kuandika. Waliobaki, asilimia 38.5, walikuwa watu milioni 7.8. Nairobi ilikuwa na asilimia 87.1, Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulikuwa na 8.1. Tena waliofikia kiwango cha kuutumia usomaji huo vizuri katika maisha yao walikuwa chini ya theluthi moja ya watu wazima wote. Hiyo takwimu ya mwisho ndiyo inayotusumbua zaidi, kwani ina maana kwamba hata miongoni mwetu tuliokwenda shule, wengi tuliishia kwenye kuandika jina na kusoma bango la basi.

Je, serikali ya chama kimoja haikufanya lolote? Ilifanya, na haki ni kusema hivyo. Mwezi Desemba 1978 Rais Moi alitangaza kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma katika muda wa miaka mitano. Idara ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa mwaka 1979, na mwaka huo huo zaidi ya watu 400,000 walijiandikisha. Makanisa, shule na vivuli vya miti viligeuka madarasa. Wengi wa wanafunzi walikuwa wanawake. Wanaume walisema wana kazi, ijapokuwa wengine tuliwaona kazi yao ilikuwa ajua chini ya mwembe. Kisha hamasa ikapoa. Walimu wa kudumu hawakutosha, wale wa muda walipewa posho isiyomtosha mtu kununua viatu vya kuendea darasani, na miaka mitano ikapita. Jina lenyewe la masomo hayo, ngumbaru, likageuka kuwa dhihaka ya watoto njiani.

Jirani zetu wa Tanzania walikwenda mbali zaidi. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kwa hoja kwamba taifa haliwezi kungoja watoto wakue ndipo lianze kujenga. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana. Na vikundi hivyo vikishafunga vitabu vilikwenda kuchimba vyoo. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini humo hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986, kwa hesabu za serikali, walikuwa wamepungua hadi chini ya asilimia 10. Walielewa pia kwamba anayejua kusoma asipopata cha kusoma atasahau. Ndiyo maana Kanda ya Ziwa ilikuwa na gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya wale waliohitimu kisomo karibuni. Lakini uchumi ulipoyumba, madarasa yakafungwa na magazeti ya vijijini yakakauka. Sensa ya mwaka 2002 iliwakuta takriban watu wazima watatu kati ya kila kumi hawajui kusoma.

Inatukera, nasi hatuoni haya kulitamka, kwamba nchi iliyokuwa na chama kimoja iliwafundisha watu wake kusoma kwa bidii kuliko sisi tunavyofanya tukiwa na vyama kadhaa wa kadhaa. Vyama vilivyozaliwa na mageuzi vimekaa serikalini kwa zamu tangu mwaka 2002. Vimejenga barabara, na tunashukuru. Lakini ni mgombea yupi aliyepanda jukwaani Kitale au Webuye akaahidi darasa la jioni? Mwanasiasa huona faida ya karibu katika mpiga kura anayetambua alama na wimbo. Mwaka 2005 tuliulizwa juu ya Katiba nzima kwa Ndizi na Chungwa, na mwaka 2010 kwa rangi ya kijani na nyekundu. Alama hizo ziliwekwa kwa nia njema ya kumsaidia asiyesoma, na zingali na kazi yake. Hatari ni pale zinapowapa viongozi kisingizio cha kutoeleza yaliyomo.

Zaidi ya hayo, darasa la watu wazima lina tabia ya kutoishia kwenye herufi. Huko Kamiriithu, Limuru, wanakijiji walianza kwa kisomo katika kituo chao cha elimu na utamaduni mwaka 1976, wakiwa pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Kutoka kwenye kusoma walifika kwenye kuigiza maisha yao wenyewe, yaani ardhi, mshahara na deni. Mwezi Novemba 1977 kibali cha mchezo wao kilifutwa, mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi waliojijengea kwa mikono yao ukabomolewa na polisi. Miaka ya 1990 semina za elimu ya uraia zilivunjwa vivyo hivyo kwa kukosa leseni, hadi mabadiliko ya sheria ya mwaka 1997 yalipoiondoa leseni hiyo. Siku hizi hakuna anayelivunja darasa la ngumbaru. Linaachwa tu lisiwe na chaki, na mwisho wake ni mmoja.

Dunia humkumbuka Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84 katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret, si mbali na hapa. Mwaka 2005 alihutubia New York kuhusu elimu ya bure. Mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, alikuwa mkimbizi katika nchi yake, na akafariki Agosti 2009. Vilevile Bibi Priscilla Sitienei wa Ndalat, Nandi, aliyekuwa mkunga, alisoma pamoja na vitukuu vyake hadi kifo chake mwezi Novemba 2022, akitaka pamoja na mengine kuandika anachokijua kuhusu dawa za mitishamba. Tunawaheshimu wote wawili. Ila tunauliza swali ambalo wapiga picha hawakuliuliza: kwa nini mzee wa miaka 84 alazimike kukunja magoti kwenye dawati la mtoto wa miaka sita ili afundishwe? Picha ile iliyowafurahisha wageni ilikuwa pia ushahidi kwamba mahali pake halisi palikuwa hapapo au hapajulikani.

Wapo watakaotujibu kwa methali, kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ilitungwa kuwaonya wazazi wasichelewe. Haikutungwa kumfungia mtu mzima mlango, na mkulima yeyote wa Trans Nzoia anaweza kuikanusha. Mahindi chotara aina ya 611 yalitolewa katika kituo cha utafiti cha Kitale mwaka 1964, na wakulima waliokuwa wamezoea kuhifadhi mbegu ghalani walijifunza kununua mbegu kila msimu, kupima nafasi na kuweka mbolea. Tangu mwaka 1984 Kituo cha Kilimo cha Manor House kimekuwa kikiwafundisha wakulima wadogo kurutubisha udongo kwa mboji na kulima kwa eneo dogo. Viwavijeshi vamizi vilipoingia mwaka 2017 hapakuwa na mzee aliyekwisha kuwaona. Kila mtu, msomi na asiye msomi, alikuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mtu mzima hukunjika kila siku. Anachokosa ni mwalimu, saa na mahali.

Na hasara ya kutojifunza imezidi kuwa kubwa. Zamani barua ilifika mara moja kwa mwaka, na kijana wa jirani akaisoma. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi Machi 2007 pesa zetu zimo ndani ya simu, na nyanya asiyejua tarakimu humtajia mjukuu namba yake ya siri kama vile alivyomtajia msimamizi wa kituo kura yake. Mkulima aliyesajiliwa huambiwa kwa ujumbe wa simu akachukue mbolea ya ruzuku. Mkulima wa miwa hupewa karatasi yenye safu ya makato, naye hutazama jumla ya chini kabisa tu. Katika mashamba yaliyonunuliwa kwa hisa baada ya walowezi kuondoka, kuna watu waliotia dole gumba katika karatasi ambazo watoto wao wanabishana juu ya maana yake hadi leo.

Sasa tufike kwenye kiini. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya elimu. Hakikusema kila mtoto. Lakini Jedwali la Nne linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti limezipa kaunti shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, likaipa serikali kuu shule za msingi, za sekondari na vyuo vikuu. Elimu ya watu wazima haikutajwa kwa jina upande wowote. Kisheria, kazi isiyopewa kaunti hubaki ya serikali kuu, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaitambua elimu hii. Matokeo ni kwamba ukienda kaunti unaambiwa hiyo ni ya Nairobi, na ukiiuliza Nairobi unaambiwa fedha hazitoshi. Hapo katikati ndipo darasa hufia. Mtihani wa KCPE nao, ambao watu wazima wengi waliufanya kama watahiniwa wa kibinafsi, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Aliyekuwa akijiandaa kwa huo anastahili kuelezwa kwa lugha nyepesi njia yake ni ipi.

Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali moja kuikabidhi nyingine kazi kwa makubaliano. Tunazitaka serikali za Trans Nzoia na Bungoma ziombe makubaliano hayo kuhusu kisomo cha watu wazima, na fedha zifuate kazi. Darasa si kitu cha gharama. Shule za chekechea za kaunti hufungwa mchana, na jioni madawati hukaa bure, ingawa yatahitaji kuongezwa marefu. Inatakiwa taa, mwalimu anayelipwa mshahara unaoitwa mshahara, na saa zitakazopangwa na wanafunzi wenyewe, kwani mama wa sokoni hawezi kuja saa nane. Kipsongo waanze kwa Kiturkana wakitaka, na mlimani kwa Kisabaoti, ndipo wavuke kuingia Kiswahili. Somo la hesabu litumie karatasi halisi za miwa na ujumbe halisi wa simu. Na karatasi ya kura ya mfano iwekwe mezani mapema, tena bila jina la mgombea yeyote.

Uchaguzi ujao ni wa Agosti 2027. Atakayekuja kuomba kura Kipsongo, Tuwani, Kimilili au Chwele aulizwe mbele ya watu: katika wadi hii kuna madarasa mangapi ya watu wazima, nani huyalipa, na wewe utaongeza mangapi? Asijibiwe kwa makofi kabla hajataja idadi.

Sisi kwa upande wetu tunatenga ukurasa wa mwisho wa jarida hili, kuanzia toleo lijalo, kwa maandishi ya wanafunzi wa ngumbaru. Utapigwa chapa kwa herufi kubwa, kila andiko lisizidi mistari kumi. Walimu watuletee maandishi hayo kwa mkono, wakiacha makosa ya tahajia kama yalivyo. Akiandika mtu kuhusu maji, mbolea au chifu, tutachapisha alivyoandika yeye.